Wanjiru Wawili Katika Tangazo Moja

Saa moja kasorobo jioni, siku hizi, hakuna anayenyamaza Gatitu. Fundi wa pikipiki anaendelea kugonga chuma chake, wauza viazi wanaendelea kuitana, na ndani ya hoteli iliyo mkabala na duka la dawa za mifugo vijiko vinalia vikombeni kama saa nyingine yoyote. Redio inasema kitu. Hakuna anayejua inasema nini. Mgeni akipita hapo hataona kasoro, lakini aliyekaa Gatitu kabla ya mwaka juzi huisikia kelele ile kama anavyoliona pengo la jino kinywani mwa mtu anayemjua.

Kwa miaka kumi na tisa saa hiyo ilikuwa ya Ngendo. Ilipofika, nyundo iliwekwa chini. Mama aliyekuwa akimkaripia mtoto alisimamisha karipio katikati na kuinua kidole. Kutoka kwenye migomba ya Mukurweini mpaka kwenye mashamba ya ngano ya Timau, watu walisogea karibu na redio zao, kwa sababu Ngendo alikuwa anakwenda kusoma waliokufa.

Kituo chenyewe kilikuwa vyumba viwili juu ya duka la dawa za mifugo, kuta zimebandikwa trei za mayai ili sauti isirudi. Kilikuwa na jina rasmi lililoandikwa kwenye leseni, lakini watu walikiita Redio ya Gatitu na jina hilo lilitosha. Ngendo alisoma kila tangazo mara mbili: kwanza kwa Kikuyu, kisha kwa Kiswahili kwa ajili ya Nanyuki, Timau na kule wanakoishi watu wa kila namna. Sauti yake haikuwa nzuri. Ilikuwa kavu kidogo, sauti ya mwalimu anayeita majina ya darasa asubuhi, ila kwamba hawa aliowaita hawakuitika.

Watu walimpenda kwa namna ya ajabu, kama wanavyompenda daktari wanayeomba wasimwone. Abdimajid, mfanyabiashara wa mifugo wa Nanyuki aliyeuza mafahali wa matanga, alimpigia simu karibu kila wiki.

"Mama Ngendo, kwani wiki hii watu wamekataa kufa? Ng'ombe zangu zinazeeka hapa."

"Ngoja tu, Abdimajid. Iko siku nitakusoma wewe."

"Ukinisoma, soma Kiswahili peke yake. Sisi tunazikwa siku hiyo hiyo. Hiyo Kikuyu yenu itanichelewesha."

Katika miaka ya mwisho habari za misiba zilianza kufika kwa simu kabla yake. Picha ya marehemu ilizunguka kwenye makundi ya WhatsApp asubuhi, na mishumaa mitatu chini yake, na watu mia wakiandika pole. Hata hivyo jioni mtu angemuuliza jirani, "Imesomwa?" Na jirani akisema bado, walisubiri. Simu iliwahi kumuua chifu mstaafu mara mbili naye yu hai. Ngendo hakuwahi kumuua mtu, ila mara moja tu, mwaka wake wa kwanza, alipopokea karatasi kutoka kwa kijana aliyekuwa na ugomvi na mjomba wake. Kesho yake mzee mmoja alipanda ngazi polepole, akaketi kwenye benchi, akafuta jasho, akasema, "Mimi ndiye marehemu. Nimekuja kuuliza nitazikwa lini."

Tangu siku hiyo hakupokea tangazo kwa simu. Aliyefiwa alipaswa kupanda ngazi mwenyewe, na karatasi yenye mhuri wa naibu wa chifu, akae kwenye benchi, na Ngendo asome jina moja moja kwa sauti ya chini huku mwenye msiba akiitikia kwa kichwa. Mwisho kabisa alimuuliza swali moja: "Kuna mtu amebaki?"

Swali hilo ndilo lililokuwa kazi yenyewe. Tangazo la kifo katika nchi hii ya mlima halisemi tu kwamba fulani hayupo. Linasema alikuwa mwana wa nani, mume wa nani, baba wa nani na nani, babu wa nani. Aliyesomwa ni mtu wa boma hilo. Asiyesomwa atajikuta, siku watu wakikaa kuzungumza habari ya shamba, akiulizwa ametoka wapi. Ndiyo maana watu walisikiliza hata misiba isiyowahusu. Walikuwa wanasikiliza nani ametajwa, na zaidi ya hapo, nani hakutajwa.

Wengine walilijibu swali lake haraka mno. "Hakuna! Hao ndio wote." Wengine walitazama trei za mayai ukutani. Naye aliwaacha watazame, akangoja, kisha akasoma kilichoandikwa. Baadaye simu ingelia. Mwanamke mmoja wa Gakindu alilia kwa nusu saa nzima, ameishi na mtu miaka kumi na sita, amemzalia wanne, na hakuna hata mmoja aliyesomwa. Ngendo alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia alichowaambia wote: "Mimi husoma kilichoandikwa, mama. Siandiki." Alikata simu na kukaa kidogo mbele ya kipaza sauti kilichozimwa. Lakini alilala usiku huo, kwa sababu sheria ilikuwa sheria, na bila sheria hiyo redio ingegeuka uwanja wa kutupiana matope.

Tatizo ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa na jina linalosubiri. Kila karatasi ilipowekwa mezani, macho yake yalikwenda kwenye jina la marehemu kabla hajatoa salamu. Alikuwa akimtafuta Moffat Kingori.

Miaka thelathini na miwili kabla ya jioni tutakayoisimulia, Ngendo alikuwa mwalimu asiye na cheti katika shule moja karibu na Timau, akifundisha Kiswahili watoto wa vibarua wa ngano. Moffat aliendesha mashine ya kuvuna. Alikuwa mtu mpole, mwenye vumbi la dhahabu kwenye kope, na alikuwa mtu wa baadaye. Baada ya mavuno ataongea na wazazi. Baada ya mvua atakuja na wazee. Kuna wanaume wabaya, na huyu hakuwa mmoja wao. Aliahirisha tu, mpaka mtoto akazaliwa, mpaka watu wa kwao Mukurweini wakamtafutia Wangui, msichana wa jirani, na harusi ikafanywa kanisani kabla hajapata nafasi ya kusema neno.

Mtoto alikuwa msichana. Kwa desturi ya Wakikuyu msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake. Lakini msichana asiye na baba anayejulikana hupewa jina la upande wa mama, kwa sababu huo ndio upande alio nao. Ngendo alimwita Wanjiru, jina la mama yake Moffat, mwanamke ambaye hakuwahi kumwona.

Mama yake mwenyewe alikasirika hadi akakataa kumbeba mtoto siku tatu. "Umempa mtoto wetu jina la watu ambao hata hawajui mlango wetu uko wapi."

"Watajua," Ngendo alisema.

Moffat alikuja mara moja. Alileta shali nyekundu, akamshika mtoto, akalitamka jina la mama yake mara mbili, akalia. Akasema ataongea na watu wa kwao. Baada ya mavuno.

Nyumbani mtoto aliitwa Shiro. Alikua mrefu na mnyamavu, akasoma mpaka kidato cha nne, akaajiriwa kwenye shamba la maua huko huko Timau, na sasa alikuwa msimamizi wa nyumba mbili za plastiki zenye waridi. Alimjua baba yake kwa jina. Alipokwenda kuomba kitambulisho, karani alimuuliza jina la baba, naye akasema waandike la babu yake mzaa mama. Jioni hiyo alimuuliza Ngendo swali moja tu: "Huyo mtu akikufa, nitasomwa?"

Ngendo wakati huo alikuwa ameshaanza kazi ya redio. Alisema hajui. Kwa miaka yote iliyofuata hakuna aliyelirudia swali lile, na hakuna siku ambayo Ngendo hakulisikia.

Jumanne moja ya Julai, ukungu umeshuka mpaka kwenye mabati, kijana mwenye koti la mvua alipanda ngazi. Aliweka karatasi mezani. Jina lilikuwa Moffat Kingori.

Ngendo alimsalimu. Alishangaa baadaye kwamba alimsalimu. Kijana alikuwa Munene, mtoto wa kwanza wa Wangui, na alikuwa na kope zile zile.

"Pole sana, mwanangu. Kaa."

"Asante, auntie. Alikuwa mgonjwa, lakini hatukujua ataenda haraka hivi."

Ngendo alianza kusoma kwa sauti ya chini kama alivyowasomea wengine. Moffat Kingori, mwana wa marehemu Munene na marehemu Wanjiru. Mume wa Wangui. Baba wa Munene, Wanjiru na Gathoni. Kijana aliitikia kwa kichwa kwa kila jina. Wanjiru huyu alikuwa wa Wangui, aliyezaliwa miaka saba baada ya Shiro, akapewa jina la nyanya yake kama ilivyo haki.

"Kuna mtu amebaki?"

Munene hakujibu haraka, wala hakutazama ukuta. Alimtazama yeye. "Auntie, nikuulize kitu. Baba akiwa wodi alikuwa anasema ati kuna mtoto mwingine. Ati mkubwa. Si unajua vile mgonjwa huongea. Mum akasema tuandike wenye tunajua."

"Na nyinyi hamumjui."

"Hata jina hatujui. Hakutaja. Sasa mtu ataandikwa aje bila jina?"

Jina lilikuwa mdomoni mwa Ngendo, limekaa hapo miaka thelathini na mmoja. Alichotakiwa kufanya ni kufungua mdomo. Lakini mbele yake alikaa mfiwa, na aliyekuwa kwenye kiti cha meza alikuwa msomaji, na msomaji hawezi kumpa mfiwa ndugu. Angekuwa mwanamke mwingine yeyote aliyepanda ngazi zile na kudai, angemwambia nini?

"Haandikwi," alisema. "Mtu bila jina hasomwi."

Munene alitia sahihi, akashukuru, akashuka.

Ngendo alimpigia Shiro. Alisikia maji yakinyunyizwa na wasichana wakicheka nyuma ya simu.

"Mum, niko kazi. Ni nini?"

"Baba yako amefariki. Jana. Sikutaka usikie kwa redio."

Maji yaliendelea. Shiro alikuwa ameondoka pale penye kelele, kwa maana vicheko vilififia.

"Wameniandika?"

"Hapana."

"Wanajua niko?"

"Wanajua kuna mtu. Hawajui jina."

"Na wewe hukuwaambia."

Ngendo aliikunja pembe ya karatasi. Shiro alivuta pumzi. "Sawa, Mum. Basi soma vile wameandika. Si hiyo ndio kazi yako?"

Hakulisema kwa ubaya. Hilo ndilo lililomuumiza Ngendo: kwamba binti yake alilisema kama mtu anayemfungulia mgeni mlango ili aondoke bila aibu.

Saa moja kasorobo aliketi mbele ya kipaza sauti. Kulikuwa na matangazo manne, la Moffat lilikuwa la tatu. Alilisoma kwa Kikuyu, neno kwa neno, bila kutetemeka. Baba wa Munene, Wanjiru na Gathoni. Alisikia sauti yake ndani ya vipokea sauti vya masikioni, ikienda mlimani na kurudi, na kila mahali ilipopita ilifunga mlango. Angeweza kukohoa ili apate muda, wengi wangekohoa. Aligeuza karatasi upande mwingine ingawa huko hakukuwa na maandishi, akaigeuza tena, akaanza Kiswahili.

"Tunasikitika kutangaza kifo cha Moffat Kingori wa Mukurweini, zamani dereva wa mashine huko Timau. Mwana wa marehemu Munene na marehemu Wanjiru. Mume wa Wangui. Baba wa Wanjiru, Munene, Wanjiru na Gathoni."

Akaendelea na saa ya kuondoka mochwari na mahali pa mazishi, akasoma tangazo la nne, akazima kipaza sauti.

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Katika mji wowote wa nchi hii mtu akisikia Wanjiru wawili katika orodha moja anajua kwamba nyumba ni mbili, maana mama mmoja hawezi kuwapa watoto wawili jina la nyanya yule yule. Na aliyetajwa wa kwanza ndiye mkubwa. Katika hoteli ya mkabala fundi wa pikipiki aliuliza, "Umesikia?" na muuza viazi akamwambia, "Nimesikia. Nyamaza." Huko Mukurweini, nyumba iliyojaa waombolezaji ilitulia mpaka chai ikapoa.

Simu za kituo zilianza kulia zote. Theuri, meneja, mtu mnene mwenye moyo mwepesi aliyewahi kuuza betri kabla ya kuuza habari, aliingia bila kubisha.

"Ngendo, umenimaliza! Huyo Wanjiru wa kwanza ametoka wapi?"

"Ametoka Timau."

"Hayuko kwa karatasi!"

"Hayuko."

Theuri alikaa kwenye benchi ya wafiwa. Alikuwa mtu mwema, na mtu mwema akiogopa hutafuta mlango kwa ajili ya kila mtu. "Sikiliza. Kikuyu ulisoma poa. Ni hiyo Kiswahili. Kesho unasema macho iliruka laini, Kiswahili ikakuchanganya. Sisi watu wa huku nani hajui Kiswahili hutuchanganya? Watacheka, itaisha."

"Nilifundisha Kiswahili miaka kumi na miwili, Theuri."

"Na nani anakumbuka?"

Shiro alipiga simu Ngendo akiwa njiani kwenda nyumbani. 

"Mum. Umesema jina yangu kwa redio."

"Ndiyo."

"Ilikuwa yangu ama ya yule mwingine?"

"Ya kwanza ilikuwa yako. Wewe ndiye mkubwa."

Akamsikia akilia, na hakikuwa kilio kikubwa. Aliendelea kushika simu sikioni akitembea, akipita maduka, akiitikia salamu kwa mkono, mpaka kilio kikaisha chenyewe.

Asubuhi alimkuta Theuri ameshachapa maneno ya kuomba radhi. Yalikuwa mistari minne. Kosa la kibinadamu. Ulimi kuteleza. Familia ina watoto watatu tu. Ngendo alikuwa ameishika karatasi hiyo mkononi waliposikia hatua kwenye ngazi, hatua za mtu asiye na haraka. Aliingia mwanamke aliyefunga leso nyeusi, viatu vina udongo mwekundu wa Mukurweini. Munene alikuwa nyuma yake.

"Mimi ni Wangui," alisema. "Mama Munene. Ni wewe ndiye Ngendo wa redio?"

"Ni mimi."

Theuri aliruka. "Mama, pole, pole sana kwa msiba na kwa makosa. Jioni tunarekebisha. Tayari tumeandika, soma uone..."

"Wacha hiyo karatasi, baba. Mimi sikuja kuombwa msamaha. Nimekuja kuona mtu." Aliketi kwenye benchi. Alimtazama Ngendo kwa utulivu, kama anayepima kitambaa. "Wewe ndiye mama yake."

"Ndiyo."

"Ana miaka ngapi?"

"Thelathini na mmoja."

Wangui alihesabu kimoyomoyo, na waliona hesabu ikifika mahali ambapo haikumdhuru: mtoto alizaliwa kabla ya harusi. Mabega yake yalishuka kidogo.

"Na ukamweka mbele ya Munene wangu. Mbele ya nchi yote."

"Ndiye aliyezaliwa mbele."

"Ungekuja kwangu. Miaka hii yote si ulikuwa unajua nakaa wapi? Tungeongea jikoni kama wanawake. Lakini wewe umenivua nguo kwa redio."

Ngendo hakujitetea. "Ni kweli. Ningekuja. Niliogopa utasema hapana, halafu nisome hapana hiyo kwa sauti yangu."

Munene alitazama sakafu. "Jana nilikuuliza, auntie. Hapa hapa."

"Uliniuliza. Nisamehe."

 Chini, dukani, mtu alikuwa akiuliza dawa ya kupe. Wangui alifungua na kufunga pochi yake bila kutoa kitu.

"Mama mkwe wangu," alisema mwishowe, "nilipojifungua huyu Wanjiru wangu, alimshika akasema, 'Wa pili amekuja.' Nikafikiri anajihesabu yeye mwenyewe. Kumbe huyo mzee alikuwa ameambiwa. Alikufa bila kuniambia. Wote walikuwa wananificha, na mimi ndio nilikuwa nawapikia." Alifuta uso kwa pembe ya leso, kwa hasira. "Sasa nisikie. Jumamosi msichana aje. Programu imeshachapishwa, jina lake halitaingia. Atasimama na hawa wengine, na atatupa mchanga akiwa wa mwisho, baada ya Gathoni. Hiyo ya kusema ni mkubwa, mtaisema nikishakufa."

"Atakuja."

"Na wewe usikuje."

Hilo Ngendo hakulitarajia. Lilimpiga mahali ambapo hakujua kuna kidonda. Alikuwa amemzika Moffat mara nyingi katika mawazo yake, na kila mara alikuwapo, nyuma kabisa, nyuma ya watu wa kanisa.

"Sitakuja," alisema.

Wangui alisimama. Mlangoni alimgeukia Theuri. "Na nyinyi msirekebishe kitu. Mkisema ni makosa, watu wataanza kuuliza ni Wanjiru gani ndiye makosa."

Walipoondoka Theuri alicheka kwa nguvu, kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu. "Ngendo! Mungu anakupenda! Jioni endelea na kazi, kama hakuna kitu."

"Sitasoma tena."

"Kwani nani amekufukuza?"

"Hakuna." Aliweka karatasi ya kuomba radhi mezani, upande wa maandishi chini. "Kuna mama wa Gakindu. Alinipigia akilia, ana watoto wanne. Nikamwambia mimi siandiki. Jana alimsikia Wanjiru wangu. Akipiga simu, nimwambie nini?"

"Hatapiga. Ni zamani sana."

"Yeye hatapiga. Atapiga mwingine."

Theuri alibishana naye mpaka saa sita. Alisema watu hawataki sheria, wanataka sauti yake. Alisema bila yeye watu watabaki na WhatsApp, na huko kila mtu anajiandikia. Ngendo alikubali kwamba hayo yote ni kweli. Hilo halikumbadilisha. Nguvu ya sauti ile, alisema, ilikuwa kwamba haikuwa ya mtu. Jana imekuwa ya mama Shiro, na watu wakishajua ni ya nani, kila mmoja atamwomba awe mama yake.

Jioni hiyo Theuri alisoma mwenyewe. Alikohoa mara tatu, akaruka jina la bibi mmoja, na familia yao ikaja juu kesho yake. Alijaribu msichana mwenye sauti tamu kwa miezi miwili, na watu walilalamika kwamba anasoma kama anayetangaza sabuni. Mwishowe saa hiyo ilipewa mchezo wa kubahatisha, na matangazo ya vifo yakahamia kwenye simu.

Shiro alikwenda Mukurweini Jumamosi amevaa sketi ya kijivu aliyoazima. Alisimama karibu na Gathoni, ambaye alimtazama sana kisha akasogea nusu hatua kumpa nafasi. Yule Wanjiru mwingine alimuuliza kwa sauti ya chini, "Na wewe nyumbani wanakuita nani?" Akamwambia, Shiro. "Mimi wananiita hivyo pia," mwenzake alisema, na wote wawili wakatazama chini wasije wakaonekana wakitabasamu kaburini. Alitupa mchanga wa mwisho. Ulikuwa umelowa mvua, alimsimulia mama yake, ukagoma kutoka kiganjani, ikabidi aukung'ute mara ya pili mbele ya watu wote.

Siku hiyo Ngendo alikuwa Timau, katika nyumba ya Shiro, akipalilia kitunguu kisichohitaji kupaliliwa. Jua lilipopinda aliosha mikono na kuweka chai motoni. Shiro alipofika, alisikia habari zote kutoka kwa mtu aliyezishuhudia, akiuliza maswali, akirudishwa nyuma alipokosa kuelewa: nani alisimama wapi, nani alilia, padri alisema nini. Hapakuwa na karatasi wala mhuri.

Tangu mwaka jana Ngendo anaishi Mukurweini, katika nyumba aliyoachiwa na mama yake, mwendo wa dakika arobaini kwa miguu kutoka kaburi la Moffat, na bado hajaenda kuliona, kwa kuwa Wangui hajamwita. Ana ng'ombe wawili, na siku za soko huuza ndizi.